Kidole Kimoja, Maswali Mawili
Mama mmoja wa Goma, anayeishi Sint-Agatha-Berchem, Brussels, alituomba tumsomee kwa Kiswahili hojaji ya Kifaransa kuhusu mwanawe wa miaka miwili, ambaye hajaanza kusema. Ilikuwa M-CHAT-R: maswali 20 ya ndiyo au hapana, kupima dalili za usonji kwa watoto wa miezi 16 hadi 30.

Mawili tuliyafasiri sawasawa: “Huonyesha kitu kwa kidole?” Mama akajibu ndiyo mara mbili. Kumbe la kwanza lauliza kama mtoto anataka apewe kitu. La pili, kama anataka tu mama naye akitazame. Tulipouliza upya, la pili likawa hapana.

Mtoto mwenye ulemavu wa akili huchelewa mambo mengi, lakini mara nyingi hupenda kuwashirikisha wengine; kwa mwenye usonji, hapo ndipo pagumu. Wapo wenye hali zote mbili. Ndiyo maana watafiti nchini Uganda waliiongezea hojaji ya ulemavu yenye maswali 10 mengine 13 ya usonji, wakachapisha kazi yao mwaka 2014.

Hojaji haiamui, mtaalamu huamua baada ya kumchunguza mtoto. Lakini wanaklabu wenzetu, tusifasiri swali kabla ya kujua linatafuta nini.