Chaki ya Maswa na Kishikwambi cha Sensa

Wilayani Maswa vijana walianzisha utengenezaji wa chaki, na bidhaa hiyo ikawa mojawapo ya fahari za mkoa mzima wa Simiyu. Kisha kikaja kishikwambi. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, Serikali iliamua kwamba vifaa vile ambavyo makarani walipita navyo nyumba kwa nyumba vigawiwe walimu. Mwanachuo wa ualimu anayepangiwa Bariadi, mkoani humo, kwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, anaweza kukuta chaki na kishikwambi juu ya meza moja ya ofisi ya walimu.

Lakini swali zito analoingia nalo darasani ni jingine: je, amewahi kumwona mtu akifundisha vizuri kwa kutumia vitu hivyo?

Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alieleza katika kitabu chake Schoolteacher kwamba ualimu ni kazi ambayo mtu huitazama kwa miaka mingi kabla hajaisomea. Anayeingia chuo cha ualimu Tanzania ameshakaa mbele ya walimu tangu darasa la kwanza hadi sekondari, na amejifunza kwao pasipo kujua kwamba anajifunza. Ameona mwalimu akiuliza, akichapa, akisifu, akiandika ubaoni. Hakuona sababu. Hakujua kwa nini swali lile liliulizwa kwa yule wa nyuma, wala kwa nini hadithi ilikatishwa katikati. Chuo kina miaka michache tu ya kumfungulia yaliyofichika nyuma ya kazi aliyoitazama utoto mzima.

Hapo ndipo mkufunzi anapobeba dhamana kubwa kuliko silabasi yake. Mkufunzi anayesimama kipindi kizima akisoma notisi juu ya mbinu shirikishi amefundisha mambo mawili kwa pamoja. La pili, kwamba kufundisha ni kusoma notisi, ndilo litakalofika Bariadi.

Nchi hii ilikwishajaribu kuandaa walimu kwa teknolojia ya zama zake. Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka kila mtoto aingie shule, vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kuwa walimu wakiwa vijijini, huku wakifundisha na huku wakisoma kwa posta na kwa redio. Hao ndio walimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, makumi ya maelfu, na bila wao shule nyingi zisingefunguliwa. Redio ilimfikishia kijana somo mahali ambapo hapakuwa na chuo. Haikuweza kumwonyesha mwalimu mzoefu akiwa mbele ya watoto.

Simiyu imeonja pia njia ya karibu zaidi. Kuanzia 2014 mkoa huo ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo katika mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza, ambao ulipeleka mafunzo ya walimu wa madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi shuleni kwao. Mradi huo uliandaa pia mpango wa utayari wa kuanza shule kwa watoto waliokosa elimu ya awali, kwa hadithi, michezo na picha. Kwa mtoto wa Itilima au Meatu ambaye nyumbani anasikia Kisukuma tu, hadithi ni daraja la kuvukia kwenda kwenye Kiswahili cha darasani. Njia hiyo haielezeki kwa notisi. Lazima mtu aione ikitendwa.

Tuseme basi mkufunzi analichukua darasa la kwanza lililojaa, wanachuo wakiwa wamekaa nyuma. Ana kishikwambi kimoja. Kundi moja linasikiliza hadithi aliyoirekodi jana kwa sauti yake, jingine linahesabu vizibo vya soda, la tatu linaandika silabi mchangani nje ya mlango. Baada ya dakika kumi makundi yanabadilishana. Chaji inakwisha, mkufunzi anaendelea kuisimulia hadithi kwa mdomo huku akichora ubaoni, na somo halitetereki. Mwanachuo aliyeyaona hayo amejifunza mengi zaidi kuhusu teknolojia kuliko anayekariri faida na hasara zake, kwa sababu ameona pia wakati wa kuiweka kando.

Kuna matumizi mengine ya kifaa hicho ambayo vyuo vinayaacha bure. Mwaka 1963 Dwight Allen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walianza kuwapa walimu wanafunzi somo la dakika chache mbele ya kundi dogo, kisha wakajadiliana nao na kuwapa nafasi ya kulirudia. Kamera za video zikaingizwa ili mhusika ajitazame. Wakati huo kamera ilikuwa mali ya chuo tajiri. Leo imo ndani ya kishikwambi cha sensa, na kinachohitajika ni ruhusa ya mkuu wa shule na wazazi kabla ya kuwapiga watoto picha.

Mahali pa kuitazama video hiyo napo papo. Mpango wa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unawakutanisha walimu wa shule katika jumuiya za kujifunza. Mwanachuo wa BTP aketi humo pia, asihesabiwe mgeni wa kuziba vipindi.

Vyuo navyo vimtoe mkufunzi ofisini, angalau mara chache kila muhula, akafundishe watoto halisi mbele ya wanachuo wake. Na mwalimu mwenyeji wa Bariadi anayepokea mwanachuo asimkabidhi vipindi vyote siku ya kwanza na kuondoka. Amkaribishe akae nyuma ya darasa atazame masomo mawili matatu, kisha wazungumze kwa nini kila jambo lilifanywa vile.