Mmoja shambani, mwingine nyumbani: Nani anaangalia kisukari?

Ifakara. Mvua zikikolea katika Bonde la Kilombero, nyumba nyingi hugawanyika. Mmoja anahamia shambani kwenye mpunga kwa wiki kadhaa, pengine miezi, analala kibandani na kuamia ndege. Mwingine anabaki Ifakara au Mlimba ili watoto wasikose shule. Ni utaratibu wa miaka mingi na ndio unaolisha familia. Lakini kama mmoja wao ana kisukari, hapo ndipo ugonjwa unapopata upenyo.

Masharti ya kliniki yanajulikana: meza dawa kila siku, punguza wanga, kula kwa saa, kagua miguu. Ukiyatazama vizuri, karibu yote yanamhitaji mtu wa pili. Chakula cha huku ni wali, ugali na ndizi. Sahani hujazwa wali kwanza, mboga ikakaa pembeni. Mgonjwa hawezi kuibadilisha sahani hiyo peke yake, hasa kama si yeye anayepika.

Na hapa tuseme ukweli. Baba akiugua, mara nyingi mama ndiye anayeyashika masharti na jiko linabadilika. Mama akiugua, anaendelea kuwapikia wengine wali wao, kisha ajitafutie. Wapo wanaopika mara mbili, wapo wanaochoka na kula kilichopo. Kina baba mnaosoma hapa, ni lini mara ya mwisho ulisema leo sote tule mboga nyingi na wali kidogo?

Wala si fadhila kwa mgonjwa tu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill cha Canada walikusanya tafiti mbalimbali, wakakuta kuwa hatari ya kupata kisukari kwa mtu ambaye mwenza wake anacho ni kubwa kwa asilimia 26. Kisukari hakiambukizi. Kinachoambukizwa ni mazoea: sufuria moja, chai yenye sukari ileile. Kwa hiyo mkienda kliniki, iwe Hospitali ya Mtakatifu Fransisko au kituo cha afya kilicho jirani, mpimwe wote wawili.

Turudi shambani. Mpunga unalimwa kwenye maji na matope, na wengi huingia peku. Kisukari cha muda mrefu hufisha hisia za miguu, hivyo mwiba unaweza kuingia na mtu asijue mpaka kidonda kinanuka. Vidonda hivyo ndivyo vinavyowafikisha wengine kwenye kukatwa mguu. Avae buti, na kabla ya kuzivaa apitishe mkono ndani. Jioni anawe, akaushe katikati ya vidole, na mwenzake ammulike nyayo kwa tochi ya simu. Unyayo wako mwenyewe ni vigumu kuuona.

Hatari nyingine ni sukari kushuka. Kameza dawa au kachoma insulini asubuhi, hakula, kalima mpaka mchana. Anatoka jasho jembamba, anatetemeka, anaongea ovyo, na walio karibu wanadhani kalewa. Hapo sukari inageuka dawa, na huku kwenye kiwanda cha sukari pale Kidatu haikosekani: vijiko vitatu vya chai kwenye maji, subiri dakika 15, rudia kama bado, kisha ale. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Jirani wa shamba aelezwe haya mapema, maana mke au mume yuko mbali.

Kuna jambo ambalo wanandoa hawalisemi. Kisukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na nguvu za kiume zinaweza kupungua. Mume ananyamaza kwa aibu, mke anahisi kuna nyumba ndogo, ugomvi unaanza. Mwambieni daktari, mkiwa wawili kama mnaweza, kabla mume hajaanza kununua dawa za mitaani.

Ila kusaidia si kuwa askari. Anayekemewa mbele ya watoto kwa sababu ya andazi moja atalila kwa kificho, na kipimo cha mwezi ujao ndicho kitakachosema.

Kabla ya kuhamia shambani, hesabuni vidonge vitoshe mpaka tarehe ya kliniki, na mkubaliane nani atakayevifuata vikipungua. Mkipigiana simu jioni, baada ya habari za mpunga na watoto, ulizia amekula saa ngapi na miguu ikoje.