Mume Yuko Tarime, Mke Yuko Unguja: Nafaka Ipimwe kwa Bei ya Wapi?

Tumeulizwa mara nyingi na kina mama ambao waume zao wamekwenda bara kikazi, kwenye dhahabu ya Nyamongo wilayani Tarime au hoteli za Serengeti. Mume anatuma matumizi kwa hesabu ya maisha ya huko. Akiambiwa hazitoshi, hujibu kuwa yeye zingemtosha.

Huenda kweli. Nyanda za juu za Tarime hulimwa mahindi na ndizi, na ng'ombe wako mlangoni. Unguja mchele wetu mwingi hupanda meli kwanza, na kila aliyeushika ameongeza chake.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, kiasi cha nafaka ya mke hufuata uwezo wa mume: tajiri vibaba viwili kwa siku, wa kati kibaba na nusu, fakiri kibaba kimoja. Lakini aina yake ni chakula kikuu cha mji alipo mke. Basi anayekula ugali Mugumu hampimii ugali mke aliye Makunduchi. Ni mchele, kwa bei ya Makunduchi. Kitoweo na nguo ni vivyo hivyo. Akimhamishia kwake, hapo hesabu hubadilika.

Akipunjwa, Mtume (s.a.w.) alimruhusu Hind bint Utba kuchukua katika mali ya Abu Sufyan kinachomtosha yeye na wanawe, kwa wema. Upungufu wa mke hubaki deni hata miezi ikipita. Wa watoto kwa kawaida haugeuki deni, kwa hiyo mama asichelewe kufika kwa Kadhi.

Wallahu a'lam.