Keris: Utajuaje kama jambia la Indonesia ni la kale au ni feki?

Machi 2020, Mfalme Willem-Alexander wa Uholanzi alipozuru Indonesia, nchi yake ilirudisha jambia lililokuwa la Diponegoro, mwanamfalme wa Java aliyepigana na Waholanzi kuanzia 1825 hadi alipokamatwa 1830.

Cha kushangaza, jambia hilo halikuwa limefichwa. Lilikuwa kwenye makumbusho mjini Leiden kwa zaidi ya karne moja, ila kumbukumbu zake zilipotea na hakuna aliyejua kwa uhakika ni lipi kati ya yaliyokuwemo.

Jambia la aina hii huitwa keris. Kama makumbusho yalihangaika hivyo, sembuse mtu anayeiona keris kwenye duka la vitu vya kale au mnada wa mtandaoni?

Hivi ndivyo wajuzi wanavyoikagua.

1. Hesabu mawimbi

Keris ina bapa jembamba, lakini karibu na mpini linatanuka, upande mmoja kuliko mwingine. Kuna zilizonyooka na kuna zenye mawimbi, yaitwayo luk.

Luk huwa ni namba witiri: 3, 5, 7, 9 na kuendelea. Ukipata namba shufwa, hesabu tena. Ikibaki ileile, shtuka.

Angalia pia chini ya mpini. Mara nyingi kuna kipande cha chuma kiitwacho ganja, kilichofuliwa peke yake kisha kuvishwa kwenye msuka, yaani sehemu inayoingia ndani ya mpini.

2. Soma michoro ya chuma

Mhunzi wa keris, anayeitwa empu, hukunja na kufua pamoja matabaka ya chuma na madini yenye nikeli. Katika karne ya 18, kasri za Java ya kati zilitumia hata chuma cha kimondo kilichopatikana karibu na Prambanan.

Bapa likishaoshwa kwa maji ya ndimu na aseniki, chuma hugeuka cheusi na nikeli hubaki iking'aa. Michoro inayotokea huitwa pamor.

Feki nyingi huchorwa kwa asidi juu ya chuma cha kawaida. Mchoro unakaa juujuu tu, kama rangi. Pamor halisi imo ndani ya chuma chenyewe, hivyo matabaka huonekana hata pale bapa lilipolika.

3. Usidanganywe na kutu wala dhahabu

Kutu inaweza kutengenezwa kwa asidi ndani ya muda mfupi. Nayo ala na mpini hubadilishwa kila vikichakaa, kwa hiyo bapa la kale linaweza kuwa ndani ya ala mpya, na ala ya kale ikabeba bapa la juzi.

Ndiyo maana UNESCO, iliyoitambua keris mwaka 2005 kama urithi wa dunia usioshikika, inataja mambo matatu ya kupima thamani yake: umbo la bapa, pamor, na tangguh, yaani umri na asili yake.

4. Tafuta historia yake

Keris ya Diponegoro haikutambuliwa kwa macho pekee. Watafiti walilinganisha bapa lenye umbo la naga na maandishi ya zamani, yakiwemo ya Sentot, kamanda wa Diponegoro, na maelezo ya mchoraji Raden Saleh.

Kwa hiyo muulize muuzaji: ilitoka wapi, ilikuwa ya nani, kuna barua, picha au risiti? Hadithi tamu bila karatasi isikupandishie bei.

Kabla hujaigusa

Usiisugue kwa msasa ili ing'ae. Utafuta pamor pamoja na ushahidi wa umri wake. Usijaribu kuiosha kwa aseniki nyumbani pia, hiyo ni sumu kali. Ipige picha bapa, ganja na msuka, kisha mpelekee mjuzi kabla hujatoa hela.