Je, Wajua Kwa Nini Pembetatu Haiyumbi?

Chukua vipande vinne vya mbao, uviunge kwa msumari mmoja kila kona, kisha usukume ubavuni. Umbo litalala upande. Sasa fanya hivyo kwa vipande vitatu. Sukuma uwezavyo: msumari utang'oka au mbao itavunjika, lakini umbo halilali. Ndiyo maana fundi wa paa huijaza kenchi pembetatu, na anayeunga geti la mbao hupigilia ubao wa mshazari ulikate kuwa pembetatu mbili. Urefu wa pande tatu ukishajulikana, pembe nazo zimeshajulikana. Hazina pa kwenda.

Tuitazame kenchi yenyewe. Tuseme paa limeinuka nyuzi 25 kila upande. Mbao mbili za mteremko zina urefu sawa, kwa hiyo ni pembetatu pacha, na pembe zake mbili za chini lazima zilingane. Ya kileleni? 180 toa 25, toa 25 tena, inabaki 130. Imezidi 90, basi ni pembe butu. Kenchi moja, majina mawili: pacha kwa pande zake, butu kwa pembe zake. Wanafunzi wengi hukwama hapa wakidhani ni lazima wachague jina moja. Pande zote tatu zikilingana ni pembetatu sawa, kila pembe nyuzi 60. Pande zote zikipishana, hakuna pembe mbili zinazolingana. Na ile ya nyuzi 90 fundi huipata kwa kamba: futi 3 upande mmoja wa kona ya msingi, futi 4 upande wa pili; mkato ukitoka futi 5 kamili, kona iko skwea.

Hiyo 180 yatoka wapi? Chora pembetatu karatasini, chana kona zake tatu, uzipange ncha zikutane: zitakaa juu ya mstari mmoja ulionyooka. Euclid wa Aleksandria, Misri, alitoa uthibitisho yapata mwaka 300 kabla ya Kristo kwa kurefusha upande mmoja na kuongeza mstari sambamba na upande mwingine. Katika hoja ileile alionyesha jambo ambalo madarasani hupitwa mbiombio: pembe ya nje ni jumla ya pembe mbili za ndani zilizo mbali nayo. Refusha ubao wa chini wa kenchi yetu kupita ukuta. Pembe ya nje ni 155, yaani 130 na 25.

Na hiyo pembe ya nje ndiyo unayoigeuka unapotembea. Zunguka shamba la pembe tatu: kwenye kila kona mwili hugeuka kwa kiasi cha pembe ya nje, na ukirudi ulipoanza, ukitazama kulekule, umegeuka nyuzi 360.

Yote hayo ni ya mahali tambarare; juu ya uso wa Dunia uliopinda, jumla hubadilika. Ikweta hupita Nanyuki, Kenya, na Kayabwe, Uganda. Toka kila mahali hapo, nyoosha hadi Ncha ya Kaskazini: kila mstari huikata ikweta kwa nyuzi 90, na huko juu hukutana kwa takriban nyuzi 5. Pembetatu hiyo ina jumla ya nyuzi 185.