Sungura wa bandani na sungura wa hadithi: wanyama wawili chini ya jina moja

Mtoto wa Wambaa, katika Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba, humjua sungura kwa njia mbili. Humsikia katika hadithi za usiku akimshinda fisi kwa hila, na humwona bandani akitafuna majani. Lugha imewapa jina moja, lakini sayansi imethibitisha kuwa hao ni wanyama wa jenasi mbili, na tofauti yao inamhusu mfugaji na kisiwa chenyewe.

Sungura wa hadithi ni wa porini, wa jenasi Lepus. Ana masikio na miguu mirefu, hulala juu ya ardhi katikati ya nyasi na hutegemea mbio kuokoa maisha yake. Sungura wa bandani, Oryctolagus cuniculus, asili yake ni Hispania na Ureno, na kwa maumbile ni mchimbaji wa mashimo. Huku kwetu aliletwa na binadamu. Wa porini ana kromosomu 48 na wa bandani 44, hivyo mfugaji asitarajie kupata mbegu chotara. Jike la bandani hubeba mimba kwa siku takriban 31, kisha huzaa watoto wasio na manyoya, wenye macho yaliyofumba. Kwa sababu hiyo sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu si anasa. Watoto wa sungura wa porini huzaliwa na manyoya na macho wazi, na muda si mrefu huweza kukimbia.

Kwa muda mrefu wataalamu wenyewe waliwaweka sungura katika kundi moja na panya, kwa kuwa wote wana meno ya mbele yasiyokoma kukua. Kilichowatenga ni jambo dogo ambalo mfugaji anaweza kulichunguza mwenyewe: nyuma ya meno mawili makubwa ya juu, sungura ana jozi nyingine ya meno madogo, ambayo panya hana. Mwaka 1912 mtaalamu wa Marekani, James W. Gidley, alitetea kwamba sungura na jamaa zake wahesabiwe kuwa oda kamili, Lagomofa. Uchunguzi wa vinasaba umeonesha baadaye kuwa panya na wagugunaji wengine ndio ndugu wa karibu zaidi wa oda hiyo, ila waliachana zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita.

Ndani ya oda hiyo yumo pia pika, mnyama mdogo mwenye masikio mafupi anayeishi Asia na Amerika ya Kaskazini, hasa milimani (jina lake halihusiani na jiko). Leo hakuna pika barani Afrika, lakini jamaa zake waliwahi kuishi hapa. Mwaka 1953 mtafiti MacInnes alieleza visukuku vya jamii hiyo kutoka Kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, akaviita Kenyalagomys. Umri wake ni takriban miaka milioni 18. Familia ya sungura iliingia Afrika baadaye sana, ikitokea kaskazini.

Tanzania inayo hazina yake katika historia hiyo. Huko Laetoli, Ngorongoro, palipohifadhiwa nyayo za binadamu wa kale zenye umri wa miaka milioni 3.66, mabaki ya sungura ni miongoni mwa visukuku vinavyopatikana kwa wingi zaidi. Mtaalamu wa Ujerumani, W. O. Dietrich, alimwita mnyama huyo Serengetilagus, yaani sungura wa Serengeti.

Kwa Pemba, suala zito zaidi ni la mnyama aliyeletwa. Mkondo wa Pemba, ambao Wambaa inautazama upande wa magharibi, una kina cha hadi takriban mita 800, na umekitenga kisiwa na bara kwa muda mrefu kiasi cha kukipatia ndege na popo wasiopatikana kwingine duniani. Visiwa vya namna hiyo huathirika haraka. Katika kisiwa kidogo cha Laysan, Hawaii, sungura wa kufugwa waliachiwa mwaka 1903. Kufikia 1923 walikuwa wamemaliza karibu mimea yote, na baadhi ya ndege waliokuwa wa kisiwa hicho pekee wakatoweka.

Banda lisilo na sakafu humpa mchimbaji huyu njia ya kutoka. Waya ya sakafu iwe na matundu madogo, na sehemu yake ifunikwe kwa ubao ili miguu isipate vidonda. Madume yatengwe na majike. Sungura aliyemshinda mfugaji achinjwe au auzwe, asiachiwe vichakani, wala asipelekwe Misali au kisiwa kingine kidogo kujitafutia majani.