Anajua Mkaa Unadhuru, Mbona Bado Anaununua?

Jua likianza kushuka, muuza mkaa wa mtaani hujaza kopo mpaka vipande vichongoke juu ya ukingo, kisha huongeza kimoja au viwili vya nyongeza ili mteja aondoke ameridhika. Kopo moja latosha chai na ugali wa jioni. Maharage yataka zaidi. Anayeyanunua makopo hayo hahitaji kufundishwa kwamba moshi unaumiza. Macho humwasha kila anapolikoleza jiko, masizi yameshika dari, mtoto anakohoa usiku, na redio imemweleza mara nyingi kwamba misitu inakwisha. Kesho jioni atarudi palepale. Wapangaji wa kampeni wakimwona anarudi huhitimisha kwamba hajaelewa, nao huchapisha mabango zaidi. Hapo ndipo tunapokosea, na kosa lenyewe ni la kuumiza, kwa sababu linamtwisha lawama mtu ambaye tayari anajua, huku mambo ambayo kweli hayajui yakiachwa bila kusemwa.

Ukubwa wa tatizo hauna ubishi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia kuni, mkaa, mafuta ya taa na vinavyofanana navyo, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka 5. Tanzania, kupitia mkakati wake wa mwaka 2024 hadi 2034, imejiwekea lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia. Lengo hilo litategemea jinsi tunavyolijibu swali moja: uelewa wa mtu hugeuka tendo wakati gani? Jibu ninaloliona katika ushahidi ni kwamba hugeuka pale ambapo tendo ni rahisi na anayejua ndiye anayeamua. Tendo likiwa ghali, au likiwa mikononi mwa mwingine, uelewa hukaa ukingoja, hata uwe mkubwa namna gani.

Ushahidi wa karibu kabisa umetoka kwa majirani. Vijijini Mbarara, magharibi mwa Uganda, watafiti wakiongozwa na Theresa Beltramo waliwapa watu nafasi ya kutaja bei ambayo wangekubali kulipia jiko linalobana matumizi. Baadhi walielezwa kwanza faida za kiafya, wengine jinsi jiko lingewaokolea muda na fedha, na wengine hawakuelezwa lolote kati ya hayo. Maelezo hayakuipandisha bei waliyokuwa tayari kulipa. Waliporuhusiwa kulipa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, bei hiyo ilipanda kwa takriban asilimia 40. Kampala, jiko lilipouzwa kwa taslimu papo hapo, wanunuzi walikuwa asilimia 4. Lilipotolewa kwanza kwa majaribio bila malipo, kisha likalipiwa kwa awamu, walifika asilimia 46. Mji ni uleule na jiko ni lilelile. Kilichobadilika ni njia ya kulipa, pamoja na ile nafasi ya kulijaribu jiko kwa sufuria yako mwenyewe kabla hujatoa hata senti.

Utafiti wa Susanna Berkouwer na Joshua Dean uliofanyika Nairobi na kuchapishwa mwaka 2022 unaonyesha jambo hilohilo kwa hesabu za wazi zaidi. Jiko bora la mkaa lililouzwa kwa takriban dola 40 za Marekani lilipunguza matumizi ya mkaa kwa asilimia 39, yaani kaya iliokoa karibu dola 119 kwa mwaka. Ni faida ambayo mfanyabiashara yeyote angeikimbilia. Hata hivyo wastani wa kiasi ambacho watu walikuwa tayari kulipa ulikuwa dola 12 tu. Watafiti waliwasaidia baadhi ya washiriki kukokotoa fedha ambazo wangeokoa mwezi hadi mwezi, wakidhani huenda hawakuwa wamelifikiria jambo hilo. Kiasi hakikusogea. Mkopo ndio uliokiongeza, tena maradufu. Mnunuzi wa mkebe wa makaa kule Nairobi, kama mwenzake wa Dar es Salaam, alikuwa ameshapiga hesabu zake. Asichokuwa nacho ni dola 40 kwa mkupuo.

Hali hii si ya maskini wa Afrika peke yao, kama wengine wanavyopenda kuamini. Miaka ya 1990, wanasosholojia Andreas Diekmann na Peter Preisendörfer walichunguza mwenendo wa wakazi wa Bern, Uswisi, na Munich, Ujerumani. Watu waliojali mazingira walitenganisha taka na kununua bidhaa zisizochafua, yaani walitenda yale yasiyowagharimu sana. Ilipofika kwenye kuacha gari au kupunguza joto la nyumba wakati wa baridi, msimamo wao ulikuwa na nguvu ndogo. Ikiwa mtu mwenye mshahara wa Uswisi hutenda kulingana na imani yake pale tu inapokuwa nafuu, ni haki gani kumtaka anayeishi kwa kibarua cha siku aonyeshe ushujaa zaidi? Kwetu kuna pia jambo la pili: katika nyumba nyingi, anayevuta moshi siye anayeshika fedha kubwa. Fedha ya kopo hutoka mkononi mwa mama kila siku; fedha ya mtungi wa gesi ni ya kuombwa.

Sasa tuyatazame yale ambayo watu hawayajui, maana hapo elimu ina kazi kubwa. Wengi huupima uchafu wa moto kwa macho: kuni hutoa moshi mzito, mkaa hautoi, kwa hiyo mkaa ni msafi. Sababu ya mkaa kuwa na moshi kidogo ni kwamba moshi wake ulishatoka porini. Ndani ya tanuru la udongo magogo huunguzwa kwa hewa kidogo kwa siku kadhaa, mvuke na lami vikafuka hewani, ikabaki kaboni. Katika matanuru ya kienyeji kilo 10 za kuni huzaa kilo 1 hadi 2 tu za mkaa. Kaboni hiyo ikiwaka jikoni bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala muwasho. Gesi hii hushikana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, hivyo damu huendelea kuzunguka huku haibebi kinachohitajika. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mtu huzidhani kuwa uchovu.

Hatari kubwa iko katika kile kipindi ambacho familia hujihisi salama: jiko limeshakolea, makaa ni mekundu, moshi umekwisha, nalo linaingizwa chumbani lipashe joto usiku wa baridi. Katika nyanda za juu kama Njombe, Makete au Limuru, miezi ya Juni na Julai ndiyo ya baridi kali. Kuliacha jiko nje hakugharimu chochote, na uamuzi ni wa yeyote aliyemo ndani ya nyumba, hata mtoto wa shule anayejua. Sentensi moja ya redio inayosema kwamba jiko lililokolea linaua bila moshi, ikirudiwa kila jioni katika miezi hiyo, inaweza kuokoa maisha kuliko mabango mengi ya "tunza mazingira". Hapa uelewa na tendo vimekaribiana kiasi kwamba cha kwanza chatosha kukizaa cha pili.

Mfano mwingine ni umeme. Imani iliyoenea ni kwamba kupikia umeme ni anasa, na kwa jiko la koili lililozoeleka zamani imani hiyo haikuwa mbali na ukweli. Lakini jiko la presha la umeme, ambalo limefunikwa kabisa na hulinda joto lake, huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Jambo hilo haliwezi kuhubiriwa likaaminika. Mtu anahitaji kuiona mita ya LUKU kabla na baada ya kupika, akalinganisha na makopo ambayo maharage yaleyale yangekula.

Wapo watakaosema kwamba nimeusahau utamaduni, kwamba watu wetu wameushikilia mkaa kwa sababu ya mapenzi na mazoea. Mazoea yapo, na mengine yana akili ndani yake. Wali wa nazi hupaliwa: makaa ya moto huwekwa juu ya mfuniko wa sufuria ili chembe zikauke kwa joto la juu na la chini, na gesi haiwezi kufanya hivyo. Mtungi nao huisha bila taarifa, chakula kikiwa bado kibichi. Hofu ya mlipuko pia ina msingi, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni. Ndiyo maana hutiwa harufu kali, na ndiyo maana anayeisikia harufu hiyo afungue mlango, afunge valvu na asiguse swichi wala kiberiti. Kumcheka anayeiogopa gesi hakumsaidii. Akionyeshwa jinsi ya kuupima mpira wa gesi kwa povu la sabuni, hofu yake hugeuka uangalifu. Hata baada ya hapo nyumba nyingi zitabaki na majiko mawili, gesi kwa chai na mkaa kwa maharage. Naliona hilo kama hatua, mradi gesi izidi kupewa kazi mwaka hadi mwaka.

Hoja nzito zaidi ni ya sheria. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na watu walizoea bila kungoja mioyo ibadilike kwanza. Ni kweli, na yapo mambo ambayo sheria huyamaliza kwa haraka. Lakini mfuko ulikuwa na mbadala wake siku ileile: kikapu, au mfuko mwingine wa bei ndogo. Tanzania iliujaribu mkaa kwa marufuku mwaka 2006, na agizo hilo halikudumu, kwa sababu watu walipaswa kula jioni ileile na hapakuwa na kitu kingine cha kuwasha. Agizo la baadaye la kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa lina mantiki bora, kwani shule au gereza lina bajeti na linaweza kupanga. Kaya ya chumba kimoja haiwezi.

Kuna pia ukweli unaotuuma sisi tunaoandika kuhusu afya. Nchini Malawi, utafiti wa watoto 10,750 uliochapishwa na jarida la Lancet haukuona nimonia ikipungua katika kaya zilizopewa majiko bora ya kuni. Utafiti mwingine uliofanyika Rwanda, India, Peru na Guatemala uligawa majiko na gesi bure kwa miezi 18. Hewa waliyoivuta wanawake ilisafika sana, lakini uzito wa vichanga na nimonia havikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Je, basi moshi hauna neno? Sivyo. Madhara yake kwa moyo, mapafu na macho hujengeka kwa miaka mingi, wala mtoto hapumui hewa ya jiko la nyumbani peke yake: jirani anachoma taka, barabara inatimua vumbi, nyumba ya pili inachemsha pombe kwa magogo. Tukimwahidi mama kwamba mtungi mmoja utaondoa nimonia, kisha mtoto akaugua, tutakuwa tumeipoteza imani yake kwa ahadi ambayo sayansi haikuitoa. Tumwambie yaliyothibitika, kisha mtaa mzima ufikiwe kwa pamoja.

Namna ya kuufikia mtaa mzima imekwisha kuonekana huko Mukuru kwa Reuben, Nairobi. Mtungi hufungwa mita, na mteja hulipia kwa simu gesi kidogo kidogo, kwa vipimo vinavyokaribia vya mkebe wa makaa. Mwaka 2020, vizuizi vya korona vilipofunga vibarua na mifuko ikakauka, takriban asilimia 95 ya wateja wa mita waliofuatiliwa waliendelea kupikia gesi. Miongoni mwa majirani zao waliozoea kujaza mtungi mzima, asilimia 27 walirudi kwenye mafuta ya taa au kuni. Sidhani kwamba majirani hao hawakuyajua madhara ya moshi. Walichokosa ni fedha ya kuujaza mtungi siku ulipoisha.